Nchi Isiyotoza Hongo

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ulibeba mzigo wa kuuza na mzigo wa kugawa njiani, na huo wa pili ndio uliokuwa ukiwatoa watu jasho. Ugogo hongo, Uzinza hongo, Usui hongo tena. Kila mtemi alikuwa na kipimo chake cha shanga, nyaya na merikani, na ngoma ya ruhusa haikulia mpaka kipimo kimetimia. Wasafiri kutoka Uingereza, John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant, waliianza njia hiyo Oktoba 1860. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Novemba 1861, walitoka Usui wamekamuliwa hasa, wakaingia Karagwe, na huko wakakutana na ofisa wa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika mwenye maneno ambayo hawakuwa wameyasikia popote tangu pwani: katika nchi hii mgeni hatozwi kitu. Kila kijiji watakapolala, mkuu wa kijiji ameagizwa awalishe kwa gharama ya Omukama.

Kwetu kisa hiki husimuliwa kwa kifua mbele, kama cheti cha ukarimu wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe. Mimi sikisomi hivyo. Rumanyika hakuwa mtu wa kugawa vitu bure; alikuwa mfalme aliyekipigania kiti chake na aliyejua thamani ya kila kilichopita kwenye himaya yake. Kilichokuwa tofauti ni aina ya malipo. Mgeni wa Karagwe hulipa kwa habari, na mila nzima ya kupokea wageni katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, tangu ikulu ya Bweranyange hadi kibanja cha mkulima wa Nkwenda leo, imejengwa juu ya malipo hayo.

Tuanze na kibanja, kwa kuwa ikulu imebaki magofu na kibanja bado kipo. Njia ya kuingilia nyumbani hupita katikati ya migomba na mibuni, kwa hiyo mgeni huonekana kwa vipande: kwanza kofia, halafu mguu, halafu mtu mzima. Watoto humwona mapema kuliko yeye anavyowaona. Akifika uani hupiga hodi mara moja, husubiri. Si adabu kuita na kuita, maana ndani wanahitaji muda wa kutandika. Zamani katika nyumba za msonge walitandika nyasi laini sakafuni, na nyasi mbichi zilikuwa salamu ya kwanza. Siku hizi ni mkeka, au kitambaa kilichofumwa kinachotupwa haraka juu ya kochi. Mama wa nyumba hupiga magoti kumwamkia mgeni mwenye umri, watoto nao hupiga magoti, na mikono haiachiani upesi. Huulizwa alivyolala, wa nyumbani walivyolala, mifugo, migomba, mvua. Kila jibu hufungwa kwa "waitu", neno la heshima linalozunguka katika mazungumzo ya Kinyambo na Kihaya kuliko jingine lolote.

Hapo ndipo hutolewa akamwani.

Nani hajaiona? Punje za kahawa ya robusta huchumwa zikiwa zimekomaa lakini hazijaiva hadi kuwa nyekundu, huchemshwa na majani ya mitishamba yenye harufu, kisha huanikwa juani mpaka ganda linakuwa jeusi na gumu. Hazikaangwi wala hazisagwi. Huwekwa katika akaibo, au kaibo, kikapu kidogo kilichosukwa kwa ustadi ambao mafundi wake sasa ni wa kutafuta, na kikapu hupitishwa. Mwenye nyumba huchukua punje ya kwanza na kuitia mdomoni mwenyewe kabla ya kumsogezea mgeni, kama anavyoonja pombe kabla ya kuimimina, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Mgeni huchukua mbili tatu. Anayechota kwa gao atachekwa akishaondoka.

Kutafuna akamwani ni kazi ya taratibu. Ganda hulainika kwa mate kwanza, uchungu hufuata, na mwishoni hubaki ladha kavu yenye harufu ya yale majani. Huwezi kuimeza haraka. Mtu anayetafuna hivyo atakaa, na anayekaa atazungumza. Sijui chombo kingine cha kumfungua mgeni mdomo kinachoishinda punje hii. Njaa ya safari nayo hupungua, ndiyo maana wasafiri wa zamani walifunga akamwani katika ganda la mgomba wakaenda nazo, na ndiyo maana leo zinauzwa stendi ya Omurushaka katika vipakiti vya nailoni, jirani na karanga na maji ya chupa. Mbuni wenyewe haukuwa zao la kila mtu. Katika falme za eneo hili wafalme walidhibiti upandaji wake, hivyo punje iliyofika mkononi mwa mgeni ilikuwa na heshima ya ikulu hata ilipotolewa na mtu wa kawaida.

Baba yangu mkubwa wa Nkwenda ana utaratibu wake katika dakika hizo, na nimeusikiliza tangu utoto bila kuuchoka.

"Mvua huko mmepata?"

"Tumepata, waitu, lakini haba."

"Na mnada wa kahawa unasemaje?"

"Bei imepanda kidogo. Watu wa Murongo wanasema ng'ambo iko juu zaidi."

"Waache waseme. Na yule binti wa jirani yenu, ameolewa?"

Atauliza hivyo hadi kaibo lizunguke mara ya pili. Nani amefariki, nani amejenga, nani ameuza kahawa yake kwa butura ikiwa bado maua mtini na sasa anamkwepa aliyemkopesha. Kitu kimoja hatakigusa: hatauliza mgeni amefuata nini. Habari huulizwa, shida haiulizwi. Shida hutajwa na mwenyewe, tena mara nyingi si ndani ya nyumba bali njiani, wakati wa kusindikizwa, watu wawili wakitembea bila kutazamana. "Baba mkubwa, kuna jambo." Ada ya shule, mgogoro wa mpaka, posa: yote hayo nimeyasikia yakitajwa kwenye njia ya migombani, nyumba ikiwa imeshapotea nyuma ya majani. Mtu akianza na shida yake kabla ya habari, watu husema huyo amekuja kukopa, hakuja kutembea.

Sasa turudi ikulu, na kwa kweli turudi mbali zaidi, hadi baharini. Karagwe haina bandari. Kutoka Kayanga hadi gati la Bukoba ni safari ya basi, na hadi Bahari ya Hindi ni safari ya kuvuka nchi nzima. Hata hivyo katikati ya karne ya 19 wilaya hii ya milimani ilizungumza na miji ya bandari ya Asia, na kilichoendesha mazungumzo hayo kilikuwa majira ya baridi ya huko. Bara Asia linapopoa, upepo huvuma kutoka huko kuja Afrika Mashariki. Watu wa pwani wanauita kaskazi, na unashika kuanzia Desemba hadi Machi. Majahazi ya Muscat, Bombay na Gujarati yalipandia upepo huo kuja Unguja yakileta vitambaa na bidhaa nyingine, pamoja na watu waliotaka kujaribu bahati. Kutoka Unguja mizigo ilivuka kwenda Bagamoyo, ikapanda vichwani mwa wapagazi hadi Tabora, na sehemu yake ikageuka kaskazini kuja Karagwe na kuendelea Buganda.

Mmoja wa watu hao alikuwa Musa Mzuri. Alizaliwa Surat, bandari ya Gujarati iliyokuwa mlango wa mahujaji wa India waendao Makka na soko la nguo lenye sifa katika bahari yote. Alikuja Afrika na kaka yake, akawa miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza kutoka pwani kuifikia Karagwe, na Speke anaeleza jinsi Rumanyika alivyomkumbuka kwa shukrani kwa msaada wake wakati wa kugombania kiti na nduguye Rogero. Hebu tufikirie kijana wa Surat, aliyekulia kwenye kelele za gati na mizani, akiketi juu ya nyasi mbichi katika nyumba ya msonge, kaibo limewekwa mbele yake, akiulizwa mvua huko kwao ilikuwaje. Waliompokea hawakuwahi kuiona bahari. Lakini kila aliyotaja kuhusu kwao yalibaki Bweranyange, na mgeni aliyefuata alihojiwa kwa hayo.

Wafanyabiashara hao hatimaye wakapata kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika Februari 1876 alipokelewa hapo na Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa ameishi Karagwe kwa miaka mingi na ambaye zamani hizo alishafika Buganda katika enzi za Kabaka Suna. Kafuro kulikuwa na vitambaa, shanga, nyaya na bunduki. Pembe za ndovu zilitoka, na watu pia walitoka, wamefungwa. Hili tukiliruka tutakuwa tunajisifu kwa nusu ya hadithi. Mila iliyomfungulia mlango mgeni bila kumuuliza amefuata nini iliwafungulia pia waliofuata watumwa, na hao hawakulazimika kusubiri njia ya migombani ili kuitaja shida yao.

Rumanyika alidai malipo yake kwa wote. Kwa Speke alidai mengi mno, na maswali yaliyobaki kwenye kumbukumbu za msafiri huyo yanaonyesha mtu aliyekuwa na njaa ya kujua. Alitaka kuambiwa kama jua linalochomoza leo ndilo lile la jana au kila siku huzaliwa jipya. Aliuliza kuhusu mwezi, kama hubadilisha sura ili kutucheka sisi wanadamu. Alitaka kujua wafalme wengine wanavyotawala. Walizungumza huku wakinywa pombe na kuvuta tumbaku ya Karagwe, na Speke, ambaye katika kurasa zake si mwepesi wa kumsifu Mwafrika, alimsifu huyu.

Mgeni naye alikuwa na maswali yake, ila adabu yake ya kuuliza ilikuwa nyingine. Katika ukoo wa kifalme wake walinyweshwa maziwa kwa wingi ili wanenepe, kwani unene wao ulikuwa fahari ya mume na ushahidi wa ng'ombe wake. Speke alitaka kuona, akaonyeshwa. Halafu akataka kupima. Alimzungushia kipimo mke wa kaka yake Rumanyika, mkono, kifua, paja, akaandika inchi moja moja katika daftari lililokuja kuchapwa mwaka 1863. Kwa mizani ya kwetu, huyu alikuwa amepokewa kama shemeji, akageuka kuwa fundi cherehani. Nimewasikia wazee wakijadili kisa hicho, na hawakukasirishwa na kutazama, maana mgeni ana macho. Kilichowashangaza ni kwamba aliondoka na vipimo lakini hakusimulia wake wa kwao wana ukubwa gani. Kachukua habari, hakuacha nyingine.

Pombe niliyoitaja ni orubisi, na inastahili maneno machache. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya obwato, hori la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi. Maji yake matamu ni omuramba, wanayokunywa watoto na walokole. Mtama uliokaangwa na kusagwa ukitiwa na hori likafunikwa kwa majani ya mgomba, kesho yake kuna orubisi. Siku hizi kreti la soda limechukua nafasi yake katika nyumba nyingi, hasa za waumini wa makanisa yanayokataza kileo, na sioni sababu ya kulia sana juu ya hilo. Soda haiharibu mazungumzo. Kinachoharibu ni televisheni iliyowashwa.

Urafiki ulipokomaa, mgeni aliweza kuacha kabisa kuwa mgeni. Njia yake ilikuwa omukago, udugu wa damu, na kahawa ilirudi tena kazini. Tunda la kahawa lina punje mbili zilizolala uso kwa uso. Wawili walichanjana kidogo tumboni karibu na kitovu, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje moja, wakabadilishana na kumeza. Tangu hapo nyumba ya mmoja ilikuwa ya mwenzake, watoto wao wakawa ndugu, na kumnyima mwenzako chakula au siri ya hatari inayomkabili lilikuwa kosa ambalo damu yenyewe ingelilipiza. Iliaminika tumbo la msaliti litavimba. Kwa mfanyabiashara wa masafa hii ilikuwa kinga bora kuliko bunduki, maana aliyekuwa na ndugu wa omukago Karagwe, mwingine Ankole na mwingine Buganda alikuwa na mahali pa kulala njia nzima, na habari za bei zilimtangulia. Dini zilikuwa zimeshaudhoofisha omukago wa damu kwa muda mrefu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania wakagundulika katika mkoa huu wa Kagera, na baada ya hapo nani angeshika tena wembe mmoja na mwenzake? Jina limebaki. Mtu bado anaweza kukutambulisha kwa wanawe kama ndugu wa omukago wa baba yake, na watoto watakusogezea kiti kilicho bora.

Kuondoka nako kuna sheria. Mgeni haondoki kwa kuamua tu. Huomba ruhusa, na ombi la kwanza hukataliwa. "Umefika juzi tu." Ombi la pili hujibiwa kwa chakula: ebitoke vya maharage, au kuku kama mgeni ni mzito. La tatu ndilo hukubaliwa. Speke alisubiri hadi Januari 1862, wajumbe wa Kabaka Mutesa walipofika kumchukua, na Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki mikononi mwa Rumanyika mpaka Aprili. Watu wa pwani wana methali kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe halitolewi. Ila mgeni aliyeishiwa habari huanza kuhisi ukimya sebuleni, na ukimya huo humwelekeza mlangoni bila mtu kumfukuza. Akiondoka hubebeshwa mkungu, maharage ya msimu, na Novemba au Desemba, senene waliokwishanyonyolewa mbawa na kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe.

Mila hii imewahi kupata mtihani ambao hakuna Omukama aliyeuota. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari Rwanda na vita vilivyoambatana nayo viliwatoa watu kwa mamia ya maelfu kuvuka mto Kagera, na Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado wilaya moja na Kyerwa, ikawa na kambi zake. Wa mwanzo waliofika walipewa ndizi na pahali pa kulala na wanavijiji kabla ya shirika lolote kufika. Baadaye miti ya kuni ikaisha, visima vikagombaniwa, silaha zikaonekana. Habari walizoleta wageni hao zilikuwa za aina ambayo watu hawakutaka kuisikia wakitafuna kahawa, na wengine walikuwa na sababu za kutosema kweli walichokuwa wakifanya ng'ambo. Kambi zilifungwa Desemba 1996. Tangu hapo, hasa vijiji vya kando ya mto, mgeni asiye na wa kumtambulisha huelekezwa kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nimesikia watu wa mjini wakilaumu kwamba ukarimu umekufa. Waliokuwapo mwaka ule hawalaumu.

Leo misimu mikubwa ya wageni ni miwili. Kuna kiangazi cha Juni hadi Agosti, ekyanda, vumbi jekundu likiwa juu ya kila jani, kahawa ikichumwa, fedha zikionekana na harusi zikifuatana. Na kuna Desemba, watoto wanaporudi kutoka Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene imefupisha safari mno, na Omurushaka wiki ya Krismasi husongamana: mabasi, bodaboda zilizobeba magodoro, wauza nyanya, watu wanaoitana majina ya utotoni. Wanaoshuka wana sukari, mafuta ya kupikia, mashuka. Kila mmoja anajua ameletea nani nini.

Ila simu imefika kabla yao. Ukoo wetu una grupu la WhatsApp, na kila kitu kimeshatumwa humo: aliyejifungua, aliyehitimu, picha ya nyumba iliyofika linta. Kijana anayefika nyumbani hana tena cha kulipa. Baba mkubwa amelitafutia hili dawa yake. Wiki ya kuwasubiri watoto humkataza mjukuu kumsomea ujumbe wowote wa grupu, na kama ameshasomewa hujifanya hajui. Wakishaketi, kaibo likiwa mapajani mwake, huuliza upya moja baada ya jingine, nani kajifungua, mtoto wa kike au wa kiume, kapewa jina la nani. Mwaka jana mmoja wetu alijibu kwamba si tulituma picha, baba mkubwa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akamsogezea kaibo aliyeketi upande wa pili.